Kununua Ninja ndogo Nairobi: jinsi ya kusoma historia yake kabla hujalipa

Tangazo la pikipiki ya spoti iliyotumika husema karibu mambo yale yale: mwenyewe ni mmoja, haijawahi kuanguka, kilomita ni chache. Hayo hayakusaidii. Kitakachokusaidia ni kujua pikipiki iliyo mbele yako ni ya kizazi gani na ilitengenezewa soko gani, maana hapo ndipo unapojua uweke mkono wapi. Mwongozo huu ni wa Kawasaki Ninja 250, 300 na 400, pikipiki nyepesi zenye silinda mbili, injini ya kupozwa kwa maji na mizunguko mingi. Sehemu kubwa ya ukaguzi itafaa pia kwa Yamaha R3 au Honda CBR250R.

Jua kizazi chake kwanza

Ninja 250R ilianza kuuzwa Marekani na Kanada mwaka wa 1986. Toleo la 1988, lenye herufi F, liliendelea Marekani hadi 2007 bila mabadiliko makubwa: rimu za inchi 16, kabureta mbili, na valvu zinazorekebishwa kwa skrubu na nati. Ukiambiwa hii ni "250 ya zamani", angalia rimu kwanza. Injini yake ni ngumu na fundi mzuri anaiweza, lakini tairi za inchi 16 za saizi hiyo ni shida kupata. Kama huna mahali pa uhakika pa kuziagiza, iache.

Mwaka wa 2008 likaja toleo la J, lililotengenezwa Thailand: rimu za inchi 17, diski moja ya mbele ya milimita 290, tairi ya nyuma 130/70. Za Ulaya zilikuwa na injeksheni ya mafuta, za Marekani zilibaki na kabureta. Huhitaji kufungua chochote kujua tofauti: yenye kabureta ina kijiti cha choki upande wa kushoto wa usukani. Mita zake zote ni za mishale.

Mwaka wa 2013 Kawasaki waliacha kipenyo cha silinda kilekile cha milimita 62 wakarefusha mwendo wa pistoni kutoka 41.2 hadi 49. Ndipo cc 249 zikawa 296, na Ninja 300 ikazaliwa: nguvu za farasi 39 kwa mizunguko 11,000 kwa dakika, uzito wa kilo 172 bila ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukishika breki ghafla), na klachi inayoteleza yenyewe ukishusha gia ghafla. Injeksheni sasa ilikuwa ya kila soko. Mshale wa mizunguko ulibaki, lakini kasi husomwa kwenye kioo cha tarakimu.

Hapa kuna mtego. Japani waliendelea kuuziwa 250 yenye umbo lile lile la 300, kwa sababu kule pikipiki isiyozidi cc 250 haipitii ukaguzi wa lazima wa serikali unaoitwa shaken. Mwenye 300 angelazimika kuipeleka. Kwa hiyo pikipiki iliyotoka Japani na inayofanana kabisa na 300 huenda ni 250 yenye stika mpya. Stika haina maana yoyote. Soma nambari ya chasi kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia: ukikuta EX250, ni 250. Za soko la Japani huwa na nambari fupi ya chasi, haifiki herufi na tarakimu 17 kama za masoko mengine. Tena, kwa kuwa 250 hazipiti shaken, 250 ya Japani inaweza kufika Mombasa bila rekodi yoyote ya ukaguzi nyuma yake, wakati 400 ya huko huko lazima iwe imekaguliwa.

Ninja 400 tunayoizungumzia hapa ilifika kwa mwaka wa 2018: cc 399, farasi 45 kwa toleo la Ulaya, kilo 168 ikiwa na ABS. Angalia hizo namba vizuri. Injini kubwa zaidi, na bado ni nyepesi kuliko 300. Siri iko kwenye fremu ya mabomba membamba, ambayo inaitumia injini yenyewe kama sehemu ya kubeba mzigo. Mkono wa nyuma, ule unaobeba gurudumu la nyuma, umeshikwa na bamba lililofungwa kwa boliti nyuma ya injini. Faida yake utaisikia kwenye kona, na hasara yake ni kwamba ajali nzito hupeleka nguvu moja kwa moja kwenye masikio ya kasha la injini, yaani sehemu zinapopita boliti za kuishika. Ufa hapo hauzibwi kwa gundi wala kwa welding ya kando ya barabara.

400 pia ilipendwa sana na wanamashindano. Ana Carrasco alitwaa ubingwa wa dunia wa Supersport 300 mwaka wa 2018 akiwa juu yake, mwanamke wa kwanza kushinda ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za lami akishindana na wanaume. Sifa hiyo ina upande wa pili kwa mnunuzi: nyingi zimeishi kwenye viwanja vya mbio kabla ya kurudishiwa taa na vioo. Angalia boliti ya kumwagia oili, kifuniko cha kujazia oili na boliti za kaliper. Kama vichwa vyake vimetobolewa tundu dogo la kupitisha waya, pikipiki hiyo imeshindana. Si lazima uiache, lakini bei lazima ishuke.

Kutofautisha haraka ukiwa umesimama nayo: hesabu meno ya sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalobeba cheni. 250 ya toleo la J ina 45, 300 ina 42, 400 ina 41, na mbele zote zina 14. Tairi ya nyuma ya 400 ni 150/60, ya 300 ni 140/70. Foki za 400, zile nguzo mbili za mbele zinazoshika gurudumu, zina kipenyo cha milimita 41, za 250 J na 300 ni 37.

Karatasi

Omba picha ya logibuku na ya nambari ya chasi kabla hujatoka nyumbani. Ingia eCitizen, upande wa NTSA, uombe rekodi ya pikipiki kwa nambari ya usajili. Linganisha vitu vinne: jina la mmiliki na kitambulisho cha anayekuuzia, nambari ya chasi, nambari ya injini, na ukubwa wa injini. Pikipiki iliyosajiliwa cc 250 ikiuzwa kama 300 itakuletea shida siku ya bima na siku ya kuuza. Angalia pia kama benki au sacco imeandikwa kama mmiliki mwenza. Ikiwepo, mkopo haujaisha, na huwezi kuhamishiwa umiliki hadi mkopeshaji aiachie.

Kama ilitoka Uingereza, mwulize muuzaji nambari yake ya usajili ya kule. Tovuti ya serikali ya Uingereza humwonyesha mtu yeyote, bila malipo, historia ya ukaguzi wa MOT: tarehe, kasoro zilizoonekana na kilomita au maili zilizosomwa kila mara. Ukaguzi wa kwanza hufanyika pikipiki ikitimiza miaka 3, kwa hiyo iliyosafirishwa ikiwa changa zaidi haitakuwa na kitu. Kumbuka mita ya Uingereza husoma maili. Maili 12,000 ni zaidi ya kilomita 19,000, na wako wanaokusomea namba hiyo kana kwamba ni kilomita.

Kama ni 300 ya kutoka India, fahamu kwamba za kule zilianza kuwekwa ABS mwaka wa 2018. Ya 2015 ya India inayosemwa ina ABS inahitaji maelezo.

Vitu vya kubeba

Tochi ndogo, kitambaa cheupe, kipimo cha volti, rula ya chuma, uzi wa mita 5, kipimo cha presha ya tairi na sumaku dhaifu ya friji. Nenda mchana, mahali pakavu. Pikipiki iliyolowa maji huficha mafuta yanayovuja.

Injini iwe baridi

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Ukifika, gusa kasha la injini kwa mkono. Likiwa na moto, ahirisha, kwa sababu kasoro nyingi za 250 na 300 hujificha injini ikishapata joto.

Isimamishe wima, bila kuiegemeza kwenye stendi ya pembeni, uangalie kidirisha cha oili upande wa kulia chini. Kiwango kiwe kati ya mistari miwili. Injini hizi huzungushwa hadi 12,000 na zaidi, na iliyoendeshwa muda mrefu na oili chini ya mstari huumiza beringi za mikono ya pistoni. Ukiiwasha na kusikia mlio mzito wa kugonga unaofuata mizunguko, unaozidi unapofungua gesi kidogo, ondoka. Mlio wa kukwaruza wa cheni ya kemu (kemu ni mihimili inayofungua valvu) unaopotea baada ya sekunde chache ni jambo dogo kuliko huo. Usiopotea ni wa kurekebisha kidhibiti cha cheni, na usikubali ahadi ya "ni kelele ya kawaida ya Ninja".

Funga tundu la ekzosi kwa kitambaa cheupe kwa sekunde mbili tu baada ya kuiwasha, kisha kiangalie. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli nyingi mno kwa hewa inayoingia, na unyevu wa oili unaonyesha pete za pistoni au sili za valvu.

Kwa zenye kabureta, Nairobi ina lake la kusema. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Kabureta iliyopangiwa pwani humwaga petroli nyingi mno hapa: plagi nyeusi, uvivu juu ya mizunguko 9,000, tanki linaloisha haraka. Ila 250 za Marekani zilitoka kiwandani na jeti kavu, yaani vitundu vinavyopitisha petroli kidogo, kwa ajili ya sheria za moshi, na kwa sababu hiyo nyingi hazisumbuliwi sana na petroli nyingi hapa. Fundi akikuambia aziongeze jeti ili ipate nguvu, kataa. Ugonjwa halisi wa kabureta hizi ni kuziba kwa jeti ndogo za mzunguko wa chini baada ya kusimama miezi miwili mitatu na petroli ndani. Dalili yake ni moja: haitulii bila choki hata ikipata joto, na hukwama ukifungua gesi robo. Dawa ni kuvua kabureta zote mbili, kutoa jeti, kuzipitishia waya laini wa shaba na hewa, kisha kuzisawazisha kwa kipimo cha mvuto wa hewa. Kunyunyizia dawa juu juu hakusaidii.

Zenye injeksheni hujirekebisha zenyewe kwa sensa ya presha ya hewa, lakini nguvu iliyopotea haiwezi kurudi. Farasi 39 za 300 hapa ni kama 33, na 45 za 400 ni kama 38. Usihukumu injini kuwa imechoka kwa kuwa haifiki kasi uliyoiona kwenye video ya mtu aliye pwani. Ndivyo ilivyo pia ukipima mgandamizo: gesi ikiwa wazi kabisa na injini ina joto, namba utakayopata Nairobi itakuwa chini ya ile ya kitabu kwa kiasi kile kile cha asilimia 15 hivi. Linganisha silinda kwa silinda. Tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi, kuna valvu au pete inayovuja.

Valvu za 300 na 400 hurekebishwa kwa shimu, vipande vidogo vya chuma vyenye unene maalum chini ya vikombe vya valvu. Ni kazi ya kutoa kemu zote mbili. Pikipiki iliyopita kilomita 25,000 na haina risiti ya kazi hiyo, toa gharama yake kwenye bei. Valvu iliyobana haipigi kelele. Inaungua kimya kimya, na dalili ya kwanza ni ugumu wa kuwaka asubuhi.

Rejeta na maji

Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Utake kuona kulanti, yaani kimiminika maalum cha kupozea injini, ya rangi na safi. Maji matupu ni alama mbaya, na maji ya rangi ya kutu ni mbaya zaidi. Sababu ni hii: kwa urefu wa Nairobi maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 94, wakati feni huamka karibu na nyuzi 100. Kifuniko kizima hushikilia presha ya zaidi ya bar moja na kusukuma kiwango cha kuchemka kupita 115, na kulanti huongeza tena. Raba ya kifuniko ikiwa imepasuka na ndani mna maji ya bomba, pikipiki itachemka kwenye foleni ya Mombasa Road kabla feni haijapata habari. Iliyochemka mara kadhaa huwa na gaskiti ya kichwa iliyochoka: angalia viputo visivyoisha kwenye maji injini ikinguruma, na utando wa maziwa kwenye kifuniko cha oili. Kisha iache ingurume ikiwa imesimama hadi feni izunguke. Usiondoke kabla ya kuisikia feni.

Dalili za kuanguka

Plastiki mpya hazithibitishi kitu, za kunakili zinaagizwa kwa seti. Tazama visivyobadilishwa. Geuza usukani mwisho kushoto na kulia, umulike vizuizi vya chuma kwenye shingo ya fremu: kizuizi kilichobonyea kinamaanisha usukani uligongwa kwa nguvu. Kagua rangi iliyopasuka kama nywele karibu na shingo, ncha za vizito vya usukani, ncha za pegi, kasha la umeme upande wa kushoto na kasha la klachi upande wa kulia. Pitisha sumaku juu ya tanki, ambalo ni la chuma. Isiposhika, chini ya rangi kuna bodifila.

Halafu uzi. Uzungushe nyuma ya tairi ya nyuma, uvute pande zote mbili kuelekea mbele kwa urefu wa chini kidogo ya ekseli, uguse kingo mbili za tairi ya nyuma kila upande. Nyoosha usukani hadi nafasi kati ya uzi na tairi ya mbele zilingane kadiri inavyowezekana. Kwa tairi za saizi ya kiwanda nafasi kila upande ni kama milimita 10 kwa 250 J, 15 kwa 300 na 20 kwa 400. Usawa wa pande mbili ndio wa kutazama zaidi ya namba yenyewe. Upande mmoja ukizidi mwingine kwa milimita 5, kwanza angalia alama za kukazia cheni kama zimelingana. Zikilingana na tofauti ibaki, fremu au mkono wa nyuma umepinda.

Kwa 400, lala chini na tochi uangalie masikio yote ya injini na bamba la mkono wa nyuma.

Cheni, breki na tairi

Cheni iwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati, pima sehemu kadhaa. Ikibana mahali na kulegea pengine, imeisha, na inabadilishwa na sproketi zote mbili. Diski zina unene wa chini uliogongwa juu yake. Tairi zina tarakimu nne za wiki na mwaka: 3519 ni wiki ya 35 ya 2019, na tairi ya zaidi ya miaka sita usiitegemee kwenye mvua hata kama ina meno. Taa ya ABS lazima iwake ukifungua swichi na izime ukianza kwenda. Isiyowaka kabisa imezibwa au kukatwa.

Betri ikipumzika isome volti 12.6 au zaidi. Kwenye mizunguko 4,000 isome kati ya 14 na 14.8. Chini ya 13.5 mulika soketi za reguleta (kifaa kinachodhibiti chaji ya betri) kwanza, mara nyingi zimeungua plastiki.

Barabarani

Jaza tairi psi 28 mbele na 32 nyuma kabla ya kuijaribu, la sivyo utalaumu shingo kwa kosa la upepo. Chagua barabara tupu asubuhi ya Jumapili, kwa mfano Southern Bypass. Kwa kilomita 60 kwa saa funga gesi, ulegeze mikono bila kuiachia: isivutie upande. Funga breki ya mbele ukisukuma mbele na nyuma ukiwa umesimama. Tiki unayoisikia kwenye viganja ni beringi za shingo, ambazo matuta ya mitaani huziua mapema. Kwenye gia ya sita kwa mizunguko 5,000 fungua gesi yote. Mizunguko ikipanda kabla ya kasi, klachi inateleza, na mara nyingi chanzo ni oili ya gari. Klachi hizi huogelea kwenye oili ya injini, na dawa za kupunguza msuguano zilizo kwenye oili nyingi za gari huzifanya ziteleze. Tumia 10W-40 yenye alama ya JASO MA au MA2.

Malipo na wiki ya kwanza

Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen ukiwa hapo, nawe uukubali kwenye yako. Lipa kupitia benki, ufunguo wa pili ukiwa mkononi.

Wiki hiyo hiyo badilisha oili na filta, kulanti kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu, mafuta ya breki DOT 4, na filta ya hewa, ambayo kwa vumbi letu huwa imejaa hata ikionekana safi juu. Kitabu huruhusu oili kwenda mbali, lakini kwa foleni na joto la hapa ibadilishe kila kilomita 5,000. Plagi, betri na beringi za magurudumu utazipata Kirinyaga Road au Grogan ukienda na namba iliyogongwa kwenye ile ya zamani. Shimu, plastiki na beringi za injini utaagiza, kwa hiyo ziagize kabla fundi hajafungua injini.